Diski imejaa: nigeuze nyimbo ziwe FLAC, MP3 au Opus, ama ninunue diski nyingine tu?

MwanaTudor
Assalaam aleikum jamaa wote. Diski yangu ya 1TB imejaa pomoni, kila nikitia kitu kipya kompyuta yakataa. Ndani mna taarab za kwetu, bango, chakacha, nyimbo za Kihindi, lingala za zamani na kaswida. Nilipanga mwisho wa mwezi ninunue diski ya 2TB. Sasa mwenzangu kazini aniambia huko ni kutupa pesa bure, nigeuze nyimbo zote ziwe fomati nyingine na nafasi itapatikana. Yeye asema MP3. Jirani asema FLAC. Kijana wangu naye ashikilia Opus. Nataka kuamua kabla mshahara haujaingia. Ipi bora?

Fundi_Majengo
Waaleikum salaam. Bora kwa kazi gani, ndugu yangu? Hujasema hizo nyimbo ziko fomati gani sasa, zilitoka wapi, na wazisikilizia kwenye nini. Tupe hayo kwanza, la sivyo kila mtu hapa atakushauri kwa mambo yake mwenyewe.

DJ_Likoni
MP3 ya 320 (kilobiti kwa sekunde), basi. Hakuna redio ya gari, matatu, simu wala spika ya flashi itakayoikataa. Mimi napiga harusi kutoka Mtongwe mpaka Ukunda, na mashine za ukumbini huzichagui, wazikuta. CDJ-2000 ya kwanza, mashine ya DJ ya Pioneer, haisomi FLAC kabisa, yasoma MP3, AAC, WAV na AIFF. FLAC imekuja kwenye toleo la baadaye, NXS2. Bibi harusi ashafika mlangoni, watu wamesimama, nawe watia flashi kioo chakuonyesha hakuna kitu. Sitaki hata kuifikiria hali hiyo.

Sauti_Safi_Nyali
Kwa heshima, DJ, hayo ni ya kazi yako. Mtu mwenye maktaba huweka FLAC. FLAC hubana bila kupoteza hata biti moja: ukiifungua wapata WAV, sauti isiyobanwa, ile ile uliyoanza nayo. MP3 hubana kwa kutupa, na kilichotupwa hakirudi. Halafu FLAC ni ya bure na iko wazi tangu Josh Coalson aitoe 2001, na Desemba 2024 ikaandikwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti, RFC 9639. Miaka hamsini ijayo kutakuwa na programu ya kuisoma.

Na jambo ambalo watu hulisahau: faili ya FLAC kwa kawaida hubeba ndani yake alama ya kuhakikisha sauti, MD5. Wakati wowote waweza kuiambia programu ijipime, ikakwambia kama faili ni nzima au imeoza. WAV haina hicho. WAV ikiharibika katikati, utajua siku utakayoisikiliza.

MwanaTudor
Ahsanteni. Fundi, nyingi ni WAV. Zingine MP3 na WMA. Nasikilizia kwenye gari na simu.

Fundi_Majengo
WAV kiasi gani? Za CD au za nini? Simu ni iPhone au Android? Na nakala ya pili iko wapi? Jibu hilo la mwisho hata kama hutajibu mengine.

Kisauni_Dev
Kijana wako ana akili, mzee wangu. Opus ilitoka 2012, RFC 6716, na tayari waitumia kila siku bila kujua: sauti unazotumiwa WhatsApp ni Opus. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, wengi wetu hatuwezi kuitofautisha na CD. Simu za Android huipiga tangu Android 5.0. Tatizo lake ni gari. Redio nyingi za magari haziijui.

DJ_Likoni
Na asema asikiliza kwenye gari. Kwa hivyo Opus imetoka nje ya mashindano.

Kisauni_Dev
Gari nyingi za sasa zaunganishwa na simu kwa Bluetooth au waya wa aux. Redio haihitaji kuijua fomati, simu ndiyo ipigayo. Imetoka vipi?

MwanaTudor
WAV ni kama 640GB. Zilizobaki, kama 250, ni mchanganyiko wa MP3 na WMA nilizokusanya zamani, nyingi za CD nilizozitia kwa Windows Media Player. Simu ni Android, mke wangu ana iPhone naye hupenda kusikiliza pia. Gari ni la 2008, lina tundu la USB, halina Bluetooth. WAV zilitoka kwenye kaseti. Nakala ya pili sina.

Fundi_Majengo
Haya, sasa twaweza kuzungumza. WAV ya kiwango cha CD hula kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani karibu MB 635 kwa saa. Kwa hivyo una saa 1,000 za sauti, zaidi au pungufu kidogo. Ukizigeuza zote kuwa MP3 ya 320 zitakaa 144GB. Opus ya 128 zitakaa 58GB hivi, memori kadi ya 64 yatosha. FLAC hutegemea sauti yenyewe, mara nyingi hubaki kati ya nusu na thuluthi mbili.

Zile MP3 na WMA ziache zilivyo. Usizigeuze FLAC. Kilichotupwa kimeshatupwa, utaongeza ukubwa bure. Wala usizigeuze MP3 mara ya pili, kila ukigeuza sauti yapungua tena. WMA ikikataliwa na simu, geuza hiyo peke yake.

Sauti_Safi_Nyali
Nyongeza kuhusu kaseti. Usitarajie FLAC ishuke hadi nusu. Ule mvumo wa kanda haubaniki vizuri, kwa sababu hauna mpangilio ambao programu itaukisia. Studio safi yabanika zaidi kuliko kaseti ya zamani. Na ikiwa aliyerikodi alitumia biti 24, zile biti za chini zimejaa mvumo mtupu, faili itakuwa kubwa hata ndani ya FLAC. Angalia pia, kama alitumia programu ya kurikodi ya Audacity, isiwe ilihifadhi kwa biti 32 za desimali. FLAC haizipokei hivyo, itabidi zishushwe ziwe 24 kwanza. Hata hivyo huenda ukaokoa 200GB hivi.

Bint_Kuze
Kaka MwanaTudor, umesema nakala ya pili huna. Kabla hujagusa kitu, soma haya.

Babangu alikuwa akirikodi maulidi na harusi za mtaani tangu mimi mdogo. Alipozeeka, ndugu yangu mkubwa akazitia kaseti zote kwenye kompyuta, jioni baada ya jioni, maana kaseti yabidi uiache ipige mpaka iishe. Kila kaseti alipa folda yake, kwa jina la harusi na mtaa. Nyingine aliziandika kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndivyo babangu alivyoandika kwenye karatasi ya kaseti. Ndani ya kila folda faili ni mbili: Upande A na Upande B.

Diski ilipojaa tukaipeleka kwa duka moja la kompyuta mjini, watugeuzie MP3. Hatukuwaambia wafute chochote. Siku ya kuichukua, kijana akatuonyesha jinsi ilivyobaki na nafasi tele. Tukashukuru, tukalipa, tukaenda zetu.

Tulipofungua nyumbani, folda zote za kawaida zilikuwa hazipo. Kulikuwa na folda moja mpya, na ndani yake faili mbili tu. Upande A na Upande B. Programu yao iliambiwa imwage kila kitu mahali pamoja, na kwa kuwa majina yalikuwa mamoja, kila harusi iliifuta iliyotangulia, mpaka ikabaki ile ya mwisho kwa alfabeti. WAV walizifuta wenyewe baada ya kumaliza. Wakasema ndiyo desturi ya duka, mteja huja kutafuta nafasi. Zilizosalimika ni zile za herufi za Kiarabu peke yake: programu ilishindwa kuyasoma majina, ikaziruka, nao wakaziacha.

Tulitafuta mtu wa kurudisha faili zilizofutwa. Akarudisha vipande. Babangu alikuwa na mazoea ya kutaja tarehe na jina la bwana harusi mwanzo wa kila kanda, kwa sauti yake, kabla ngoma hazijaanza. Vipande tulivyopata vyaanzia katikati.

Kwa hivyo nakuomba, nunua hiyo diski. Nakili kwanza. Fomati utachagua baadaye.

MwanaTudor
Pole sana dadangu. Nimeisoma mara mbili. Zangu pia ni Upande A na Upande B ndani ya folda, hivyo hivyo ulivyosema.

Fundi_Majengo
Pole, Bint_Kuze. Hilo lauma.

MwanaTudor, kwa faida yako na ya wengine: foobar2000 na fre:ac ni za bure, zote mbili zaweza kutunza mpangilio wa folda, lakini ni lazima uzielekeze. Kwenye mpangilio wa jina la faili la kutokea, weka jina la folda mbele ya jina la faili. Jaribu na folda tatu, hesabu faili zilizoingia na zilizotoka, ndipo uachie zote. Na ile ya kufuta faili za asili baada ya kugeuza, usiiguse katu. Programu iwe inayosoma Unicode, basi herufi za Kiarabu hazitaleta shida.

Kiwango cha kubana cha FLAC ni 0 hadi 8. Wengi hudhani 8 ina sauti nzuri kuliko 0. Sauti ni ile ile, tofauti ni muda wa kompyuta na MB chache. Iache kwenye 5.

Na usiache kompyuta ifanye kazi usiku kucha bila UPS, betri ya akiba. Stima ikikatika katikati utapata faili nusu. Ukimaliza, zipime zote kwa flac -t, itakutajia iliyoharibika kwa jina.

DJ_Likoni
Nakubali kuhusu nakala. Pole Bint_Kuze, kweli kabisa. Lakini bado sijaona kwa nini mtu wa gari la 2008 aambiwe FLAC. Hilo gari halitaisoma. Mwambieni ukweli.

Sauti_Safi_Nyali
Hakuna aliyesema aitie FLAC garini. FLAC ni ya kuhifadhi. Kutoka hapo atoa MP3 za gari, kesho akitaka Opus atoa Opus, na asili iko pale pale. Akianza na MP3 amejifungia.

DJ_Likoni
Na mimi nasema sikio la binadamu halijui tofauti ya 320 na FLAC. Nimepiga mbele ya watu wengi, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuniuliza hii ni kilobiti ngapi.

Sauti_Safi_Nyali
Kwenye ukumbi wenye feni na watoto wakikimbia, sawa. Lakini chukua taarab yenye tashkota, kile kinanda cha nyuzi chenye vitufe. Zile nyuzi zikigongwa zaanza ghafla, kali, na mwisho wake mrefu. MP3 ya 128 hutia kabla ya kila pigo kitu kama pumzi ya maji, na tari zawa kama mchakacho wa karatasi. Sikiliza Zuhura Swaleh akiimba na Maulidi Juma, ile tashkota nyuma yake, kwa headfoni, utasikia.

Kisauni_Dev
Umehama kutoka 320 ukaenda 128. Kwa 128 twakubaliana wote, MP3 yaharibu. Kwa 320 weka jaribio la kufumba macho: foobar2000 ina nyongeza ya ABX, yakupigia mbili bila kukwambia ipi ni ipi, nawe wachagua. Fanya halafu utuletee matokeo.

Sauti_Safi_Nyali
Nitafanya. Lakini hoja yangu ya kuhifadhi haitegemei sikio langu. Yategemea kwamba atakayekuja baadaye, labda ataka kusafisha mvumo, labda kurekebisha kasi ya kanda, atahitaji sauti nzima. Ukisafisha MP3, ule upungufu watoka nje wazi.

Mkaazi_wa_Mtwapa
Mbona mnabishana juu ya MP3? MP3 si ilikufa 2017? Nilisoma kwenye habari.

Fundi_Majengo
La. Mwaka 2017 hataza zake ziliisha na Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyoshiriki kuibuni, wakafunga mpango wao wa leseni. Magazeti yakaandika imekufa. Maana yake halisi ni kwamba sasa ni ya bure kwa kila mtu.

Mpenda_Bango
Na nyote mmesahau kwamba ukitumia Bluetooth, sauti yabanwa tena njiani kabla haijafika spika. FLAC yako kwa spika ya kawaida ya Bluetooth yapita kwenye SBC, ubanaji wa Bluetooth yenyewe, kama wenziwe. Mimi nyumbani natumia waya tu.

Kisauni_Dev
Kweli, ila SBC ya kiwango cha juu si mbaya hivyo.

Mpenda_Bango
Kwa Mzee Ngala na saksafoni yake, waya.

MwanaTudor
Jamaa, nisaidieni na iPhone ya mke wangu. FLAC yapiga?

Fundi_Majengo
Tangu iOS 11 yaweza kuipiga ukiifungua kwenye Files, lakini ukiipitisha kwenye maktaba ya nyimbo ya Apple haikubali. Huko wapenda ALAC, ambayo pia haipotezi kitu. Apple waliitoa 2004 na wakaifungua kwa wote 2011. FLAC kwenda ALAC na kurudi hakuna hasara. Au mpe AAC, au mwekee programu ya VLC.

DJ_Likoni
Au MP3.

Mzee_wa_Kaseti
Samahani kuingia kuchelewa. MwanaTudor mwanangu, hizo kaseti ni zipi? Za Mbwana? Kama ni za duka la Mbwana Radio Service na zile za waimbaji wa taarab Zein na Juma Bhalo za wakati ule, usifanye haraka na hizo WAV. Aliyezitia kwenye kompyuta alitumia deki gani? Alirekebisha kichwa chake cha kusomea kanda? Kaseti iliyorikodiwa kwa deki moja na kupigwa kwa nyingine, kichwa kikiwa kimelala kidogo tu, sauti nyembamba zote zapotea, waona kama mwimbaji yuko nyuma ya pazia. Kuna skrubu ndogo kando ya kichwa, waizungusha polepole huku wasikiliza mpaka udi ufunguke. Ikiwa hakufanya hivyo, bora urikodi upya kaseti zenyewe kwa makini, ndipo ugeuze.

MwanaTudor
Mzee wangu, shikamoo. Kaseti zilikuwa za marehemu ami yangu. Nyingi za Mbwana, ndiyo, na nyingine za kurikodi mwenyewe ukumbini. Aliyezitia kwenye kompyuta ni mwanawe, sasa yuko Uarabuni. Kaseti zenyewe hazipo tena. Paa lilivuja masika, zikaloa, zikaota ukungu, wenye nyumba wakazitupa. Kilichobaki ni hizo WAV.

Mzee_wa_Kaseti
Marahaba. Inna lillahi. Na ukungu wa kaseti wasafishika, lau mngeniuliza.

Bint_Kuze
Kwa hivyo diski moja, hapo Tudor, na hewa hii ya chumvi, ndiyo yenye kila kitu cha ami yako. Na ulikuwa unauliza fomati. Kaka, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la kutuambia.

Fundi_Majengo
Basi swali la "ninunue diski au nigeuze" limekwisha, nunua. Mwenzako wa kazini alikuwa akihesabu nafasi tu, hakujua kaseti hazipo. Nakili WAV zote kwenye diski mpya kama zilivyo, linganisha faili kwa faili, halafu diski ya zamani itoke nyumbani kwako, ikae kwa ndugu mwingine. FLAC ifanyie kwenye diski mpya kwa wakati wako. Ikishapimwa yote ndipo utafikiria kama WAV zaendelea kukaa.

Sauti_Safi_Nyali
Na ukishageuza FLAC andika habari ndani ya faili: mwimbaji, kikundi, mahali, aliyerikodi. WAV karibu haina mahali pa kuandika haya, programu nyingi hazisomi. FLAC wajaza utakavyo, kwa herufi utakazo. Piga simu kwa binamu yako huko Uarabuni umuulize anachokumbuka, kabla hajasahau.

Kisauni_Dev
Nakubali FLAC kwa hizi. Ila nakala ya simu iwe Opus, saa 1,000 zote mfukoni. Mke wake atumie VLC.

DJ_Likoni
Na ya gari MP3. Flashi iwe na mpangilio wa FAT32, redio ya 2008 haitasoma exFAT. Windows haikubali kuitia FAT32 flashi kubwa kuliko 32GB kwa njia ya kawaida, kwa hivyo tafuta ya 32.

MwanaTudor
Flashi ya 32 na saa 1,000 hazilingani. Itabidi nichague. Au nishuke 192?

Sauti_Safi_Nyali
Tumia VBR, yaani kilobiti zinazobadilika, kwa programu ya LAME, kiwango cha V2. Yazunguka karibu 190 lakini yajipanga yenyewe, penye tashkota yapanda, penye kimya yashuka.

DJ_Likoni
VBR kwenye redio za zamani huonyesha muda wa wimbo kimakosa, na nyingine ukirusha mbele zaruka mahali pasipo. Weka 320 uchague nyimbo unazozipenda.

Sauti_Safi_Nyali
Muda wa wimbo kuonekana vibaya si sababu ya kujaza flashi.

Mpenda_Bango
Mzee wa Kaseti, tukiwa hapo hapo kwenye deki. Yangu ya Technics yapiga polepole, nyimbo zote zimekuwa nzito. Nimeambiwa ni mikanda ya raba. Mjini kuna mtu anayo bado?

Mzee_wa_Kaseti
Ifungue kwanza uangalie. Ikiwa raba imeyeyuka na kuwa kama lami, isafishe yote kwa spirit, hata kwenye gurudumu, isibaki hata tone, la sivyo mkanda mpya utateleza. Kupima, zungusha uzi mahali pa mkanda, ukate, kisha utafute mkanda mfupi kidogo kuliko huo uzi. Kuna fundi mmoja upande wa Mwembe Tayari hutunza mashine za zamani, nikipita nitamuuliza. Wataka wa bapa au wa mraba?

Mpenda_Bango
Sijui bado, sijaufungua. Nitakupigia picha kesho.

MwanaTudor
Nimepiga simu maduka mawili ya Digo Road, bei za 2TB zapishana sana. Jumamosi nitakwenda mwenyewe. Binamu amejibu: deki ilikuwa ya Sony, na kichwa hakukigusa. Asema ana baadhi ya kaseti alizochukua alipoondoka, hakumbuki ngapi.

Mzee_wa_Kaseti
Mwambie asizipige kwa deki yoyote mpaka tuzungumze.